Alexis Korner: Nyakanga wa Bluzi Jijini London

Zinapotajwa bendi za Rolling Stones, Cream na Led Zeppelin, hata mtu asiyeshughulika na muziki wa Kizungu huenda akakumbuka kwamba aliwahi kuyasikia majina hayo mahali fulani. Anapotajwa Alexis Korner, aghalabu huwa kimya. Kimya hicho kinastaajabisha kwa sababu wanamuziki wa bendi zote tatu, kwa kiasi tofauti, walipitia mikononi mwake kabla ya dunia kuwajua. Korner hakuwa mpiga gitaa hodari kuliko wote wa zama zake, wala sauti yake ya kukwaruza haikuwa ya kuwashinda waimbaji aliowalea. Umaarufu wake una chimbuko jingine. Kwa takribani miaka thelathini alikuwa mtu wa kukusanya vijana, kuwatia jandoni katika sanaa ngeni, kuwapa jukwaa, na hatimaye kuwaacha waende zao.

Alizaliwa jijini Paris, Ufaransa, tarehe 19 Aprili 1928. Baba yake alikuwa Myahudi wa Austria na mamaye alikuwa na asili ya Kigiriki. Jina la ukoo liliandikwa Koerner, na baadaye likapunguzwa herufi moja. Utoto wake ulitawanyika baina ya Ufaransa, Uswisi na Afrika Kaskazini. Mnamo 1940, majeshi ya Hitler yalipokuwa yakiivamia Ulaya Magharibi, familia hiyo ilijikuta London. Kwa hivyo, mtu ambaye waandishi wa historia ya muziki humwita baba wa bluzi ya Uingereza hakuwa Mwingereza wa kuzaliwa, na muziki alioupigania haukuwa wa Ufaransa, wala wa Austria, wala wa Ugiriki. Yamkini mtu aliyelelewa bila kwao pamoja huona wepesi zaidi kuupenda wimbo wa watu ambao nao waling'olewa kwao.

Maana bluzi ni muziki wa vizazi vya Waafrika waliopelekwa Marekani utumwani. Ilichipuka katika majimbo ya kusini, hususan katika mashamba ya pamba ya Mississippi, na ikasafiri na wahamiaji weusi hadi miji ya viwanda ya kaskazini kama vile Chicago. Mwanafunzi wa ushairi ataitambua mara moja arudhi yake. Ubeti wa kawaida una mishororo mitatu. Mshororo wa kwanza hutolewa, wa pili huurudia kwa mabadiliko machache, na wa tatu huujibu. Baina ya mishororo, gitaa au harmonika huitikia mithili ya kiitikio cha ngoma. Ni umbo jepesi kujifunza na gumu kulitawala, kwa kuwa uzito wake wote umo katika namna ya kuwasilisha.

Inasimuliwa kwamba siku moja ya mwaka huo wa 1940, ndege za Ujerumani zilipokuwa zikiangusha mabomu London, Korner, kijana wa miaka kumi na miwili, alikuwa ameketi akisikiliza santuri ya Jimmy Yancey, mpiga piano mweusi wa Chicago. Tangu hapo akawa hana jingine alilolitaka ila kuupiga muziki ule. Alianza na piano, kisha akashika gitaa. Vita vilipokwisha alitumikia jeshi la Uingereza katika Ujerumani iliyoshindwa, na mnamo 1949 akajiunga na bendi ya jazi ya Chris Barber.

Ni katika mazingira ya Barber ambamo alikutana na Cyril Davies, na bila Davies habari za Korner haziwezi kusimulika. Wawili hawa walitofautiana kama usiku na mchana. Korner alikuwa mtu wa lugha kadhaa, mwenye maneno laini na marafiki kila pembe, aliyewahi kufanya kazi katika shirika la utangazaji la BBC. Davies alikuwa fundi wa kunyoosha mabati ya magari, mnene, mkali wa ulimi, mpiga harmonika asiyekuwa na mpinzani Uingereza nzima. Kilichowaunganisha ni imani kwamba bluzi si kionjo cha kutia katikati ya jazi, bali ni sanaa kamili inayostahili jukwaa lake yenyewe.

Katikati ya miaka ya 1950 vijana wa Uingereza walikuwa wamekumbwa na wimbi la skifo, muziki wa gitaa la bei nafuu, ubao wa kufulia nguo na besi iliyoundwa kwa kasha la majani ya chai. Lonnie Donegan, aliyetoka katika bendi ya Barber, ndiye aliyekuwa nyota wake. Davies na Korner walikuwa na ukumbi wao katika orofa ya juu ya baa iitwayo Round House, mtaani Soho, ambako skifo ilikuwa ikipigwa. Wakaugeuza uwe ukumbi wa bluzi, hali wakijua kwamba umati ungepungua. Ulipungua kweli. Hata hivyo, katika chumba hicho waliketi na kupiga muziki magwiji wa Marekani kama Big Bill Broonzy, Sonny Terry na Brownie McGhee, na Muddy Waters. Wasanii hawa walikuwa wamezoea kubaguliwa kwao. Hapa walipokewa na vijana waliozijua santuri zao kwa moyo.

Ziara ya Muddy Waters ya mwaka 1958 ilileta mtikisiko. Sehemu ya mashabiki wa Uingereza ilikuwa imejijengea picha ya mwanabluzi kama mzee wa shambani mwenye gitaa kavu la mbao. Waters alikuja na gitaa la umeme, akafungulia sauti, na baadhi yao wakachukizwa. Waliutaka ukale ambao mwenyewe alikwisha kuuacha nyuma alipohama Mississippi. Korner na Davies walilielewa funzo hilo upesi kuliko wenzao. Nao wakaanza kutumia vikuza sauti, kelele zikazidi, na pale Round House wakawa hawana nafasi tena.

Mwaka 1961 waliunda bendi waliyoiita Blues Incorporated. Tatizo likawa ni mahali pa kupigia, kwani kumbi za jazi za katikati ya jiji hazikuwataka. Jawabu lilipatikana Ealing, magharibi mwa London, katika chumba cha chini ya ardhi mkabala na stesheni ya treni. Klabu hiyo ilifunguliwa Jumamosi, tarehe 17 Machi 1962. Chumba kilikuwa kidogo na chenye unyevu mwingi kiasi kwamba matone yalidondoka kutoka darini, ikabidi turubali litandazwe juu ya jukwaa ili wapigaji wenye vyombo vya umeme wasije wakadhurika. Watu walijaa pomoni.

Nani alikuwamo humo? Orodha yake ikisomwa leo ni kama sajili ya muziki wa roki wa nusu karne iliyofuata. Kwenye ngoma aliketi Charlie Watts, ambaye mchana alikuwa mchoraji wa matangazo ya biashara. Saksafoni ilikuwa mikononi mwa Dick Heckstall-Smith, na si muda mrefu besi ikashikwa na Jack Bruce, kijana wa Kiskoti aliyesomea muziki. Long John Baldry, barobaro mwenye urefu wa kupita kiasi, aliimba. Wengine walikuja kama wasikilizaji na kuondoka kama wasanii. Ilikuwa desturi ya Korner kumpandisha jukwaani yeyote aliyeomba, mradi aonyeshe kwamba amekwisha kufanya kazi yake ya nyumbani. Mick Jagger alimpelekea utepe wa sauti yake, akakaribishwa kuimba. Brian Jones alikutana naye Cheltenham, akajiwa na hamu isiyozimika, akawa anasafiri hadi London na kulala kwenye sakafu ya nyumba ya Korner. Tarehe 7 Aprili 1962 Jones alipiga gitaa Ealing kwa mtindo wa kuteleza chuma juu ya nyuzi, chini ya jina la bandia. Miongoni mwa waliokuwa wakitazama ni Jagger na rafiki yake wa utotoni, Keith Richards. Hivyo ndivyo watatu hao walivyojuana.

Mnamo mwezi Mei mwaka huo huo, Blues Incorporated ilipewa usiku wa Alhamisi katika klabu ya Marquee, barabara ya Oxford Street. Umati ulikua wiki baada ya wiki. Kisha BBC ikaialika bendi itumbuize katika kipindi cha jazi cha redio, Alhamisi ya tarehe 12 Julai 1962. Shirika lilikuwa tayari kulipia idadi maalumu tu ya wanamuziki, na Jagger hakuwamo. Ili usiku wa Marquee usikose wapigaji, nafasi ikatolewa kwa kikundi kipya cha Jones, Jagger na Richards. Kikundi hicho kilijiita Rolling Stones, na hilo ndilo onyesho lake la kwanza. Ni vigumu kupata katika historia ya muziki mfano mwingine wa pengo la jioni moja lililojazwa kwa namna hiyo.

Mwezi Juni bendi ya Korner ilirekodi albamu iliyoitwa R&B from the Marquee. Jina lilikuwa na hila kidogo, kwani ilirekodiwa studioni mwa kampuni ya Decca wala si katika klabu. Ilitoka Novemba 1962, na wengi huihesabu kuwa albamu kamili ya kwanza ya bluzi iliyofanywa na Waingereza. Anayeisikiliza akitarajia kusikia ustadi wa gitaa atasikitika. Gitaa la Korner limejificha nyuma kabisa, likishika mapigo, na nafasi ya mbele wameachiwa harmonika ya Davies, saksafoni na waimbaji. Huenda hiyo ndiyo picha yake halisi kuliko zote alizopigwa.

Mwezi ule ule wa Novemba, Davies akajitenga. Chanzo cha mgogoro kilikuwa saksafoni. Davies alishikilia kwamba bluzi ya kweli ni ile ya Chicago, gitaa na harmonika na ngoma, na kwamba kuongeza wapuliza saksafoni ni kuirudisha katika jazi waliyoikimbia. Korner alikuwa akimsikiliza Charles Mingus pamoja na Muddy Waters, na hakuona ukuta baina yao. Wasomaji wanaoyafahamu malumbano ya wanajadi na wanamabadiliko katika ushairi wa Kiswahili watautambua ubishi huu bila kuelezwa zaidi, isipokuwa kwamba hapa kulikuwa na kinaya cha ziada. Wanajadi na wanamabadiliko wote wawili walikuwa wageni katika jadi yenyewe, na wenye jadi, akina Waters, walikuwa wamekwisha kubadilika bila kumwomba mtu ruhusa. Davies alianzisha bendi yake. Ilianza kupata sifa, lakini alifariki tarehe 7 Januari 1964, akiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja.

Huwezi kusema kwamba Korner alishinda ubishi huo. Nafasi ya Davies ilichukuliwa na Graham Bond, mpiga saksafoni na ogani, na kwenye ngoma Ginger Baker alikuwa amempokea Watts. Kwa ufundi mtupu, hiyo yaweza kuwa ndiyo safu bora kabisa aliyowahi kuwa nayo. Haikudumu hata miezi mingi. Mapema mwaka 1963 Bond aliondoka, akawachukua Bruce na Baker. Miaka mitatu baadaye Bruce na Baker walikutana na Eric Clapton wakaunda Cream. Watts naye alikuwa amejiunga na Rolling Stones. Korner alijenga upya. Aliwaleta waimbaji weusi wa Marekani, Ronnie Jones na Herbie Goins, ambao wote wawili walifika Ulaya wakiwa katika majeshi ya nchi yao, na muziki wa bendi ukazidi kuelekea kwenye jazi. Vijana waliokuwa wakizikimbilia bendi za gitaa hawakumfuata huko.

Hapa ndipo hesabu ya maisha yake inapokuwa ngumu. Kuanzia 1963 hadi 1966, wale waliolala sakafuni pake na kuimba kwa hisani yake walikuwa wakijaza viwanja vya Marekani, ilhali yeye aliongoza muziki katika kipindi cha watoto cha runinga kilichoitwa Five O'Clock Club, ili nyumba yake ipate riziki. Blues Incorporated ilivunjika mwaka 1966. Wapo wanaodai kwamba alijinyima mwenyewe. Kwamba kama angelichagua njia moja, ama bluzi ya Davies ama jazi, angeliacha rekodi kubwa isiyosahaulika. Dai hilo lina ukweli wake. Albamu zake ni nyingi na hazilingani, na hakuna hata moja inayoweza kuwekwa kando ya kazi bora za wanafunzi wake. Lakini hoja hiyo inasahau kwamba tabia ile ile ya kutofunga mlango ndiyo iliyowaingiza wanafunzi wenyewe.

Nayo haikumtoka. Alimshawishi John Mayall ahame Manchester na kuja London mwaka 1963 kujaribu bahati yake, na bendi ya Mayall ikawa chuo cha pili cha bluzi, alikopita Clapton. Mnamo 1968 alirekodi nyimbo na mwimbaji wa miaka kumi na tisa kutoka Uingereza ya kati, Robert Plant, muda mfupi kabla kijana huyo hajaitwa kuunda Led Zeppelin. Mwaka huo huo aliwasaidia chipukizi wanne, mpiga besi wao akiwa na miaka kumi na tano tu, akawapa hata jina la bendi: Free.

Brian Jones hakuwa na mwisho mwema. Alitengwa na bendi aliyoiasisi yeye mwenyewe, na katika majuma yake ya mwisho Korner alikuwa miongoni mwa waliokwenda kumtazama nyumbani kwake shambani. Jones alifariki tarehe 3 Julai 1969. Siku mbili baadaye Rolling Stones walitumbuiza umati mkubwa katika bustani ya Hyde Park, London, onyesho lililogeuka kuwa la kumbukumbu yake. Kati ya bendi zilizotangulia jukwaani ilikuwamo New Church, kikundi kipya cha Korner na mwimbaji wa Denmark, Peter Thorup. Miaka saba tu ilikuwa imepita tangu vijana hao wawe wageni katika usiku wake wa Alhamisi. Sasa yeye ndiye aliyetangulia kuwapashia moto umati wao.

Fedha zilikuja kwa njia ambayo hakuitarajia. Mwaka 1970 yeye na Thorup walijiunga na mtunzi John Cameron katika bendi kubwa ya studioni, CCS. Wimbo wao Tap Turns on the Water ulifika nafasi ya tano katika orodha ya mauzo ya Uingereza mwaka 1971. Lakini kazi yao iliyosikika zaidi ni toleo lao la Whole Lotta Love, wimbo wa Led Zeppelin, ambalo BBC ililifanya kuwa muziki wa kufungulia kipindi chake mashuhuri cha runinga, Top of the Pops, katika miaka ya 1970. Wimbo huo umejengwa juu ya utungo wa mwanabluzi mweusi wa Chicago, Willie Dixon, aliyelazimika kwenda mahakamani miaka ya 1980 ili atambuliwe. Mamilioni ya watazamaji waliisikia kazi hiyo kila wiki bila kujua ni nani aliyeipiga, wala ilikotoka.

Katika muongo huo redio ikawa kazi yake kuu. Sauti ile iliyokwaruzwa na sigara, ambayo haikumfikisha mbali katika uimbaji, ilifaa mno kwa utangazaji. Matangazo ya biashara yaliitumia, na katika BBC Radio 1 aliendesha kipindi cha kila wiki cha bluzi na miziki mingine ya Wamarekani weusi. Huko Ujerumani na nchi jirani alizuru mara kwa mara, aghalabu akiwa na mwenzake mmoja tu na magitaa, na wasikilizaji wa huko walimthamini pengine kuliko wa London.

Tarehe 19 Aprili 1978 alitimiza miaka hamsini. Katika studio za filamu za Pinewood alifanyiwa sherehe, na waliopanda jukwaani naye ni pamoja na Eric Clapton, Paul Jones, Chris Farlowe na Heckstall-Smith wake wa zamani. Mwaka uliofuata alipiga mjini Hannover, Ujerumani, pamoja na Charlie Watts, Jack Bruce na mpiga piano Ian Stewart, katika kikundi walichokiita Rocket 88. Hawakuwa na nyimbo za kuuza. Walipiga bugi ya piano, muziki ule ule wa santuri ya Yancey, na albamu ya maonyesho hayo ikatolewa mwaka 1981.

Alexis Korner alifariki jijini London tarehe 1 Januari 1984 kutokana na saratani ya mapafu. Alikuwa na miaka hamsini na mitano. Mnamo Machi 2012, miaka hamsini kamili baada ya klabu ya Ealing kufunguliwa, kibao cha kumbukumbu kiliwekwa mahali pale. Mwaka 2024 jumba la heshima la muziki wa roki la Cleveland, Marekani, lilimwingiza katika kundi la waliowaathiri wengine, pamoja na John Mayall, aliyefariki Julai mwaka huo huo, na Big Mama Thornton, mwimbaji mweusi wa bluzi aliyefariki mwaka mmoja na Korner. Cyril Davies hajaingizwa.